Moyo wa Mwezi wa Nne

Zuhura mke wangu, nimekuficha jambo tangu mimba yetu ilipoharibika ikiwa na miezi mitatu.

Hapa Mishomoroni, kwa tabibu wa Kihindi anayeniuguza, nasingwa kwa mafuta ya simsim ya moto, nasinzia kama ninayeelea. Leo mja mzito alikuwa akila embe mbichi kwa pilipili, mkwewe akamkaripia. Tabibu akacheka: "Muache, bibi! Mwezi wa nne moyo wa mtoto hutokeza. Anayetaka embe ni yeye."

Ndivyo visemavyo vitabu vyao vya kale vya tiba, na ndivyo nilivyokufariji siku ile: wetu hakuwa na moyo bado. Ukaacha kulia.

Mungu akutunze, mpenzi, nami unisamehe kabla sijafa. Nikisomesha bayolojia, nilijua moyo huanza kupiga wiki ya nne. Wa mwanetu ulishapiga.