Mama Hakukuficha, Baba

Baba mpendwa,

Umeamkaje huko Moiben? Na goti je, bado linakusumbua ukikaa sana? Mimi mwili ni mzima, zaidi ya hapo siwezi kujisifu. Kwa simu nimejaribu, lakini nikisikia tu "halo" yako nakata simu. Ndiyo maana nimempa barua hii dada mmoja wa Kapseret anayerudi nyumbani.

Mdogo wangu Nafula ameniambia tangu Mama azikwe hujakanyaga kaburini. Ati unakaa tu ukisema, "Miaka yote hiyo tumeishi, halafu ananificha ugonjwa." Baba, lazima nikuambie ukweli.

Unajua niko kiwandani hapa Ayalandi, lakini sijawahi kukueleza tunatengeneza nini. Ni katheta, mrija mwembamba kama kamba ya kiatu. Moyo wa mtu ukipiga ovyo, daktari anaupitisha mrija kwenye mshipa wa paja mpaka ndani ya moyo, anachoma kile kisehemu kinachouvuruga. Ncha yake inapima imegusa kwa nguvu kiasi gani. Ikigusa kidogo mno, haichomi vizuri. Ikisukuma sana, moyo unaweza kutoboka. Kazi yangu ni kubonyeza kila ncha kwenye mzani na kuangalia kama skrini inasema gramu zile zile. Kutwa nzima nahangaikia mioyo ya watu nisiowajua.

Wakati wa kuvuna mahindi Mama alinipigia. Akasema, "Nekesa, moyo unaanza kukimbia nikiwa nimekaa tu, halafu unatulia ghafla." Dalili hiyo hiyo tulifundishwa wiki ya kwanza kazini! Na mimi nikamjibu nini? "Ni presha hiyo Mama, punguza chumvi." Si kwetu kila kitu cha moyo ni presha? Akasema jirani amemgawia vidonge vyake vya presha. Nikasema sawa, meza. Wueh, mjinga mimi!

Halafu akauliza, "Sasa nimwambie baba yako?" Nikamwambia aache kwanza, mashine ya kupukuchua imekuja na mvua inatishia, wewe una mambo mengi. Nikija Desemba nitampeleka hospitali mwenyewe. Kusema kweli nilitaka niwe mimi, Baba. Nilitaka kuingia pale na maneno yangu ya katheta nionekane mtu. Mama akacheka, akasema, "Haya, daktari." Akangoja kwa sababu aliniamini.

Desemba haikumkuta hai. Ulimkuta wewe ameanguka zizini, ng'ombe hata hajamaliza kukamuliwa. Sijui kama madaktari wangemwokoa. Lakini ungejua, ungekuwa karibu naye zile siku zote, na leo usingekuwa na kinyongo naye. Siku hizo ndizo nimewanyang'anya nyinyi wawili, na jambo hilo linaniuma kuliko kukosa mazishi.

Nisalimie Nafula na shangazi aliyewapikia wageni wa matanga. Jirani naye mwambie simlaumu kwa vile vidonge, alitoa kwa moyo mzuri.

Ukitaka kukasirika, nikasirikie mimi. Mimi niko hai, nitavumilia. Hata usiponipigia nitaelewa. Ila nenda kwa Mama, Baba. Mwambie umejua alitaka kukuambia.

Mimi binti yako, kama bado unanitaka,
Nekesa