Shilingi Ishirini na Nne za Maji

Misikhu,
Jumamosi, 12 Novemba 1949

Kwa Baba yangu mpendwa, Wepukhulu,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Kifua chako na lile vumbi la ghala la mahindi huko Kitale, je, kimepata nafuu? Sisi ni wazima, ila Mama shingo bado inamsumbua akigeuka. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike.

Baba, kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, si Mama, si mwalimu. Unanijua, mbele ya watu ulimi hunikwama. Kwenye karatasi haukwami. Nitalisema humu humu, lakini kwanza nikueleze yaliyotokea, maana nina hasira, na nikianza na hilo utaacha kusoma.

Jumamosi iliyopita Baba mdogo Khaemba alipata barua yako. Ulimwandikia kwamba seremala Yakub ni mwizi: ulituma shilingi tisini na nne za paa na milango ya nyumba yetu mpya, na mlipokutana huko Kitale akakwambia alipokea sabini. Ati apewe siku saba arudishe ishirini na nne anazoficha. Baba mdogo hakungoja hata saa moja. Siku hiyo hiyo Yakub alikuja kumalizia dirisha la nyuma, akaamriwa aweke sanduku lake chini. Randa, msumeno, patasi zote, hata ile penseli ya sikioni, vikachukuliwa. Baba mdogo akamuuliza mbele ya watoto kama huko kwao Bungoma mjini ndivyo wanavyokula, kwa mikono miwili. Yakub akamjibu kwa upole kwamba kwa kazi ya hapa hata mkono mmoja haukushiba. Watoto walicheka, na hapo ndipo Baba mdogo alipozidi kupandisha sauti.

Jumatatu Yakub alikuwa aanze milango ya duka jipya pale Bungoma. Bila vyombo, kazi ikapewa mwingine. Alhamisi mkewe, Sabiha, alifika hapa na mtoto mgongoni, akamsihi Baba mdogo ampe walau msumeno. Baba mdogo hakuinuka kitini. Alimwambia aende akautafute msumeno ndani ya zile ishirini na nne. Baba, nilikuwa mlangoni nimeshika ufagio, nikasikia yote, nikaendelea kufagia.

Sasa nikukumbushe ile siku ya likizo ya Agosti uliponiketisha mezani, ukasema mimi ndiye msomi wako wa lugha mbili, niandike hesabu ya mafundi: nakala ya Kiswahili yako, na ya Kiingereza ya kumwonyesha bwana wako ili akupe pesa kabla ya mwisho wa mwezi. Ukanitajia wachimba msingi, wafunga fito, seremala, na nyapara. Nikauliza, polepole, nani atateka maji na kukandika kuta. Ukasema hao ni kina mama, watakuja tu kusaidia kama kawaida. Nikachovya kalamu, nikaandika.

Lakini kawaida gani hiyo? Kawaida yetu ni kwamba mtu akijenga, majirani wote huja, waume kwa wake, wakala ugali wake, wakanywa pombe yake ya busaa, jioni wakaenda kwao. Safari hii wanaume walisema nyumba ya mabati si ya busaa, ni ya mshahara, nawe ukakubali. Wanawake ndio walioachwa peke yao katika kawaida. Na chakula chao pia hukukitia katika hesabu! Mama aliwalisha kutoka ghala lake mwenyewe. Walikuwa wanane, yeye akiwa mmoja wao, siku kumi na mbili, debe kichwani kutoka mtoni, kupanda kile kilima, kisha kukanyaga udongo hadi magotini. Shingo ya Mama unadhani iliumwa na nini? Na muda huo wote Baba mdogo alikuwa juu ya kiti kivulini, shilingi moja kwa siku, kazi yake kupiga kelele kwamba udongo ni mwepesi. Mtu wa kiti nilimwandikia mstari wake katika lugha mbili. Watu wa debe hawakuwa na mstari katika hata moja.

Basi nilisema nitaungama, na sasa naungama. Mapatano na Yakub yalikuwa sabini. Ni mimi niliyeandika tisini na nne, katika nakala zote mbili. Pesa zilipofika na dereva wa lori, Mama alinipa nizihesabu kwa kuwa najua kusoma. Yakub nilimpa sabini zake, akatia sahihi katika daftari langu. Ishirini na nne nikawagawia wale wanane, shilingi tatu kila mmoja, yaani senti ishirini na tano kwa siku. Nikawaambia umezituma wewe.

Ndiyo maana ulipokuja mwezi uliopita walikupigia vigelegele, na Rahab, mmoja wao, akakuletea kuku. Wewe ulidhani ni kwa sababu ya mabati. Yule kuku ulimla, Baba.

Baba mdogo aliponidai daftari, nilisema lililowa mvua likachanika. Ni uongo. Lilikuwa ndani ya sanduku langu la shule. Ukurasa wa sahihi ya Yakub nimeukata na kuuweka pamoja na barua hii. Ukitaka mwizi, ni mimi. Kata pesa hizo katika karo yangu ya Januari, hata kama itabidi nikae nyumbani mwaka mzima. Lakini mtu huyo arudishiwe sanduku lake, na alipwe siku alizopoteza.

Jambo moja zaidi. Mama hajui. Zile tatu zake hajazitumia. Amezifunga katika pindo la leso, na wageni wakija huzifungua akawaonyesha, akisema Wepukhulu ameiona shingo yangu. Tafadhali usizidai. Ukiweza, zifanye ziwe zako kweli.

Nasikia ndara za Baba mdogo uani, anakuja kuchukua barua aipeleke kwenye lori. Kila mara huingiza pua asome kabla ya bahasha kufungwa, nami kila mara huficha karatasi chini ya Biblia. Leo naiacha wazi mezani, na sahihi ya Yakub juu yake. Sanduku la Yakub liko chini ya kitanda cha Baba mdogo. Asome, kisha nitamwambia alitoe. Nitasema kwa mdomo.

Mama anakusalimu sana. Ndama bado hana jina, anakungoja wewe.

Ni mimi binti yako,
Nasambu