Mshauri Aliyegeuza Kiti

Alhamisi. Baridi ya Julai imekaza, nguo nilizoanika jana hapa Uthiru bado mbichi, lakini leo moyo wangu ni mwepesi. Acha niandike kabla sijajikataza.

Tangu tumzike Imani, binti yetu, sikuwa nimetamka jina lake hadi leo. Mke wangu alivumilia, kisha akaniambia wazi kwamba hawezi kuomboleza peke yake nami nipo. Nikiendelea hivi, atarudi kwao Bungoma. Ndiyo maana nikaanza kwenda kwa mshauri nasaha kule Westlands.

Siku ya kwanza tuliulizana kwetu ni wapi, kama ilivyo desturi yetu watu wa magharibi ya Kenya. Kumbe mshauri huyo, mama mtu mzima, ni wa ukoo mmoja na mama mkwe wangu, kwa hiyo naye kwangu ni mama mkwe!

Nikakosa pa kuweka uso. Kwetu mama mkwe hapewi mkono, wala hamketi mkitazamana. Mshauri naye, masikini, alisogeza kiti, akainama mbele, akanitazama machoni jinsi washauri wanavyofunzwa. Nikageukia ukuta, nikawa najibu "ndiyo" na "hapana". Kila wiki hivyo hivyo.

Leo akasema kwa upole kwamba pengine anitafutie mshauri mwingine, kwa sababu nikiketi naye mwili wangu wote unamkataa. Niliona haya. Nikamweleza ukweli, macho yangu kwenye zulia.

Akacheka kidogo.

"Kumbe ni hiyo tu? Nimekaa Nairobi mpaka nimesahau mambo ya nyumbani. Pole, baba."

Akainuka, akageuza kiti chake, kisha changu, vyote vikaelekea dirishani. Tukakaa tukiwatazama mafundi wa jengo la jirani wakipandisha vyuma. Hakuniuliza kitu.

Nikaongea. Nikalia pia, na hakugeuka kunitazama.

Angeweza kuniona mkaidi akanipeleka kwa mwingine, na sijui kama kwa huyo ningefika. Namshukuru Mungu kwa ajili yake, tena sana.

Jioni nilimkuta mke wangu jikoni akisonga ugali. Nilisimama mlangoni, nikamwita, "Mama Imani."

Akazima jiko, akaketi palepale kwenye kigoda. Tuliongea hadi ugali ukawa baridi, tukaula hivyo hivyo.

Kesho asubuhi nitamwita hivyo tena.