Papa, Nimeona Saini Yako

Papa,

Kazi yako imekuwa yangu. Sikuiomba. Baada ya misa yako ya siku arobaini, watu wa mutaa wetu, avenyu Mapendo, walibaki uani kwetu, wakala, kisha mutu mumoja akauliza nani atakuwa shefu wa avenyu sasa. Wanaume wakaangalia viatu vyao. Mama Furaha akanionyesha kidole, akasema Masika ni mwalimu, anajua kuandika, tena ni mutoto wa Muzee Paluku. Wakapiga makofi haraka haraka, kama watu waliopona hatari. Wakanikabidhi daftari lako na muhuri wako.

Wiki za kwanza nilifanya yale niliyokuona ukifanya: kupatanisha majirani waliogombana kwenye bomba la maji, kuwaandikia wageni karatasi ya makazi. Lakini Mapendo si ile uliyoiacha. Nyumba nyingi bado zimefungwa tangu vita viingie mujini, na tuliobaki tunasalimiana kwa sauti ndogo.

Halafu yule bwana akaja. Mupole, koti safi, hakusema jina lake. Wenzake wawili walisimama langoni. Akaomba maji, akanywa yote, kisha akaweka karatasi juu ya meza. Ilisema kwamba parseli ya jirani yetu mwalimu Kambale, kiwanja na nyumba, haina mwenyewe. Ilibaki saini yangu na muhuri tu.

Nikamwambia Kambale yuko Beni na watoto wake, naongea naye kwa simu. Akatabasamu.

"Papa yako hakuwa mugumu hivi."

Akatoa karatasi nyingine mufukoni. Maneno yaleyale, juu ya nyumba ya Mama Kahambu, yule aliyekuwa akiuza viazi vya Kibumba mbele ya lango lake. Na chini, Papa, saini yako. Ile P yako ndefu. Ilikuwa inatetemeka.

Nikakumbuka siku Mama Kahambu aliporudi kutoka Butembo, akakuta watu asiowajua wanapika jikoni mwake. Alikuja kwetu moja kwa moja, vumbi la safari bado mwilini. Wewe ulikuwa saloni, pale tunapokalisha wageni. Ukaniambia, "Sema sipo." Nikasema haupo. Nilifikiri ni ugonjwa, kwamba umechoka na watu. Kuanzia siku hiyo hukumaliza sahani ya chakula. Jumapili kanisani ukaacha kukomunika, kupokea ekaristi, ukabaki kwenye benchi wakati sisi tunapanga mustari. Nilidhani ni miguu.

Kwa nini hukuniambia? Walikutisha na nini? Au walinitaja mimi?

Nauliza kwa sababu yule bwana, akitoka, aligeuka mulangoni. Akasema atarudi Jumatatu saa nne. Halafu, kwa sauti ileile ya upole, akauliza kama Salome wangu anapenda darasa la tatu. Sikuwa nimemwambia kwamba nina mutoto.

Tangu siku hiyo pikipiki moja inasimama ngʼambo ya barabara, kila asubuhi. Anayeikalia hafanyi kitu. Anaangalia tu. Majirani walionipigia makofi sasa wanapitia njia ya nyuma. Siwalaumu.

Alhamisi nilimupeleka Salome bandarini, akapanda boti kwenda Bukavu kwa shangazi. Nilimudanganya kwamba ni likizo. Alinitazama sana, lakini hakuuliza.

Jana nikaenda Mugunga, kule mwisho wa muji. Mama Kahambu anapanga chumba kimoja huko, cha mbao. Nilipiga magoti, Papa. Nikamwambia wewe ndiye uliyesaini, na kwamba siku ile ulikuwa nyumbani. Alikuwa anachambua maharagwe, hakuacha.

"Najua," akasema. "Nilimuona kwenye dirisha."

Basi. Miezi yote hiyo alijua, na bado alikuja kwenye maziko yako, akaimba hadi mwisho. Nikaandika pale pale kwamba parseli ile ni yake, kwamba nimemujua akiishi ndani yake tangu utoto wangu, nikatia saini na muhuri. Alikunja karatasi, akaificha ndani ya kitenge chake. Sijui kama itamusaidia. Hakuniambia asante, na sikuingojea. Aliniambia nisipitie barabara kubwa nikirudi.

Leo ni Jumapili. Nimefagia saloni. Nimemupigia Kambale, nikamwambia kila kitu, ili asije akasikia kwa wengine. Alilia kwenye simu, akaniomba nikimbie. Lakini nikikimbia, kesho watamupata mwingine wa kushika huo muhuri, na wataanza na nyumba yetu.

Nina hasira na wewe, Papa, na ninakupenda, vyote pamoja, hata kula nashindwa. Pumzika. Ulichokifanya kwa woga sitakihesabu juu yako, kwa maana leo na mimi naujua huo woga. Uko hapa chini ya mbavu.

Nakuahidi moja tu. Nyumba ya Kambale haitapotea kwa mukono wangu. Watakalolifanya kesho, watalifanya wao.

Mutoto wako,
Masika