Siku Uliyonipima Shingo

4 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Mgongo umeacha kukuuma kwa kuinamia wagonjwa? Mimi mzima, isipokuwa uvimbe huu wa shingoni, ambao sasa wewe unaujua kuliko mimi.

Ndilo jambo ninaloandikia. Juzi ulinilaza kitandani, ukanipaka jeli, ukazungusha kile kifaa cha ultrasaundi shingoni. Nikauliza, "Unaona nini?" Ukajibu, "Meza mate, Mama. Usizungumze." Nikauliza tena. "Daktari atakueleza." Uso uliukaza kama hunijui! Binti niliyemzaa! Nimerudi nyumbani nikijihesabu maiti. Kama ni saratani, niambie. Usiponiambia, usiniandikie.

Mama yako

7 Mei

Shikamoo Mama,

Umeamkaje? Chakula kinapita vizuri? Umenikataza kuandika, lakini mimi mkaidi, na unajua nimemrithi nani.

Mama, sisi tunapiga picha; anayezisoma na kutoa jibu ni daktari. Nikisema si kitu, nami nimekosea, hutatibiwa. Nikisema ni kitu, utakufa kwa hofu bure. Mwenzangu angekuwapo siku ile, nisingekugusa. Ulipotoka nilifunga mlango, nikalia, nikanawa uso, nikamwita mgonjwa aliyefuata.

Unakumbuka uliponifundisha darasa la tano? Nilikulilia jikoni uniambie kama nimefaulu mtihani. Karatasi ilikuwa mkobani mwako! Ukasema, "Utasikia pamoja na wenzako." Nilikununia hadi Jumatatu.

Tafadhali, nenda kwa daktari.

Binti yako

29 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nakula vizuri, na shingo inageuka pande zote kuwatazama majirani.

Nilikwenda. Si saratani, ni uvimbe wa kuangaliwa tu. Daktari alisema picha zilikuwa safi, hakuwa na haja ya kunirudisha kupimwa upya. Sikumwambia aliyezipiga ni nani kwangu. Nilijikaza mpaka mlangoni, kisha nikarudi nikamwambia.

Nimechelewa kujibu kwa kuwa nilikuwa nikiifikiria ile karatasi ya darasa la tano. Ulikuwa umefaulu, nami kwa furaha nikaunguza chakula, wewe ukadhani nimekasirika. Basi najua uso uliokazwa unaficha nini.

Nitapimwa tena mwishoni mwa mwaka. Siku hiyo omba ruhusa kazini. Kifaa akishike mwenzako. Wewe ukae upande wangu, unishike mkono, na uzungumze mpaka nikunyamazishe.

Mama yako