Mwani Uliotuonesha Macho ya Mama

Wawi, Pemba

Kaka yangu Suhail,

Salamu zikufikie huko Maskati. Sisi wazima, alhamdulillahi, na samaki wako wa baharini wamo tangini wazima pia.

Ule mwani wa kijani unaoota kwenye kioo cha tangi ulinichosha. Nilikwangua kioo, nikabadilisha maji, nikapunguza taa, na kila wiki ukarudi. Mpaka siku moja nikamkuta Mama anawamiminia samaki chakula, konzi nzima.

"Mama, si nimeshawalisha?"

"Mbona siwaoni? Chakula hiki mara ya tatu leo, huenda wakatoka walikojificha."

Samaki wote watano walikuwa mbele ya uso wake. Chakula kilikuwa kikioza chini, mwani unanawiri.

Nikampeleka hospitali, nawe hukuambiwa kwa sababu alinikataza. Alikuwa na mtoto wa jicho. Jicho la kulia amepasuliwa Chake Chake, na jana kafunguliwa bandeji. Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye tangi.

"Rahma, uchafu gani huu? Ndivyo unavyomtunzia mwanangu samaki?"

Nilicheka huku nalia. Tangu asubuhi amekaa kitini, ananionesha kila unyuzi wa mwani nilioubakisha.

Mdogo wako,
Rahma