Plagini Inayoshika Sabato

Homa Bay, Jumamosi

Kumbe programu haikuharibika. Asubuhi yote nimeilaumu JavaScript bure.

Mteja wetu wa Kehancha alipiga simu akitaka kujua magunia ya mahindi yaliyobaki stoo. "Bwana, hii programu yenu imelala." Nikaijaribu kwa terminali. Kila amri niliyoandika ilikatika papo hapo kwa jibu moja: "Leo ni Sabato. Tumepumzika."

Hayo ni maneno ya mke wangu. Plagini ya bei za samaki wa omena, kipande cha nyongeza kwenye programu, aliiandika yeye, tukaiongeza juzi, na ameipanga ikatae kazi kuanzia Ijumaa jua likizama. Yeye Msabato, mimi Mkatoliki, hata sikuwazia. Lakini kosa ni langu: programu inapowashwa hupakia plagini zote kwanza, hata zisizohitajika, kwa hivyo moja ikigoma zote zinagoma. Niliogopa tutampoteza yule mteja, na kumpigia mama watoto akiwa kanisani siwezi.

Nimebadilisha. Sasa plagini inapakiwa tu amri yake ikiitwa. Mahindi yakaonekana, omena ikaendelea kupumzika.

Aliporudi nikamlalamikia. Akavua viatu polepole.

"Si nilikuambia Sabato sifanyi kazi?"

"Wewe, si plagini."

"Na nani aliiandika?"

Jua lilipozama nikaita amri ya omena, nione kama itaamka. Iliamka, na kabla ya bei ikaandika: "Sabato imeisha. Baba Akinyi, umekula?"